Swichi Isemayo "Basi"

Wahenga walinena kwamba kila chenye mwanzo hakikosi mwisho. Msemo huu tumeukariri tangu shule ya msingi, na wengi wetu tumeutumia kufungia insha bila kuufikiria sana. Mimi nimekuja kuufikiria kwa sababu ya kitu kimoja kidogo, kisichozidi sana kiberiti kwa ukubwa, ambacho kazi yake yote ni kuiambia mashine, "Basi, umefika." Mafundi wa hapa Mtito Andei hukiita limiti. Mimi katika makala haya nitakiita swichi ya kikomo, maana haifai Chama chetu cha Kiswahili kikose jina la kitu kinachotulinda kila siku.

Najua kuna msomaji atakayesema, "Huyu msichana ametuletea Fizikia kwenye gazeti la Kiswahili!" La hasha, mpenzi msomaji, vuta subira. Habari hii si ya Fizikia pekee. Ni habari ya maji ya kunywa, ya wiki saba za kuchelewa shuleni, na ya kijiji kizima kilichokasirikia kitu kilichokuwa kikisema kweli.

Tuanze na mota yenyewe. Mota ni mtumishi hodari lakini hana macho. Ipe stima, itazunguka. Ikatie stima, itasimama. Katikati ya hayo mawili haijui lolote. Haijui kama lango limeshafunga ama limegonga nguzo. Haijui kama tangi limejaa ama maji yanatiririka ovyo na kuwanywesha mbuzi wa wenyewe. Mtu akisukuma mkokoteni hadi ukutani atasimama, ajikune kichwa, atafute njia nyingine. Mota haitafuti njia. Itaendelea kuusukuma ukuta hadi mmoja wao ashindwe, na kwa kawaida anayeshindwa si ukuta.

Hapa ndipo somo letu la Kidato cha Tatu linapoingia. Mota inapozunguka vizuri, mzunguko wenyewe huzalisha volteji inayopingana na ile inayotoka kwenye laini, kwa hiyo mkondo unaopita huwa wa kiasi. Ukiizuia isizunguke, upinzani huo hutoweka, na mkondo hupanda mara tano, sita, hata zaidi. Nanyi mnaikumbuka kanuni tuliyoandikiwa ubaoni: joto katika waya ni mkondo mara mkondo, mara ukinzani, mara muda. Chukua mota inayotumia ampea 4 ikiwa kazini. Ikizuiwa na mkondo ukafika ampea 24, yaani mara 6, joto haliongezeki mara 6 bali mara 36! Nyaya za shaba zilizo ndani ya mota zimetenganishwa na vanishi nyembamba tu. Vanishi ikiungua nyaya hugusana, na hapo mota imekwisha. Harufu yake ni kali na hukwama kooni. Ukiinusa mara moja hutaisahau.

Mimi nimeinusa mara nyingi. Mjomba wangu ana karakana kando ya barabara kuu, upande yanakoegeshwa malori usiku. Mtito Andei, kama tujuavyo sote, iko karibu katikati ya Nairobi na Mombasa, na chochote kinachoharibika kati ya miji hiyo miwili kina bahati ya kuharibikia hapa kwetu. Kazi ya mjomba ni kuriwaindi mota, yaani kuzisuka upya nyaya zake: mota za vinu vya posho, za pampu, za mashine za kupasulia mbao. Wakati wa likizo mimi humwandikia daftari la wateja, maana mkono wake ni wa nyundo, si wa kalamu.

Katika kazi hiyo ya daftari nimeona jambo moja. Mteja akileta mota iliyoungua, mjomba huuliza swali kabla hata ya kutaja bei: "Hii, nani alikuwa anaisimamisha?"

"Kuisimamisha vipi, fundi? Nilikuwa naiwasha mwenyewe."

"Sijauliza nani anaiwasha. Kuwasha kila mtu anajua."

Wengine hucheka, wengine hukasirika. Lakini mara nyingi jibu la swali hilo ndilo chanzo cha ugonjwa wenyewe.

Swichi ya kikomo ya kwanza niliyoiona kwa macho yangu ilikuwa kwenye lango. Likizo ya Aprili mwaka jana, msimamizi wa nyumba moja ya wageni alikuja kulalamika kwamba lango lao la umeme, la aina ile inayoteleza kando, limekataa kazi. Tukaandamana hadi huko. Chini ya lango lile kumefungwa chuma kirefu chenye meno kama ya msumeno, na gia ya mota huyashika meno hayo na kulivuta lango kwenda na kurudi. Kwenye kila ncha ya chuma hicho kuna kisahani. Mota nayo ina kidole cha springi kilichojitokeza nje. Lango likikaribia mwisho, kisahani hukifikia kidole na kukipinda. Ndani ya sanduku vyuma viwili vidogo vilivyokuwa vimegusana huachana, stima hukatika, na lango husimama upana wa kiganja kabla ya nguzo. Ni hivyo tu. Hakuna uchawi.

Siku hiyo kisahani cha upande wa kufunga kilikuwa kimelegea kwa mtikisiko wa kila siku na kuangukia vumbini. Lango likafunga, likaifikia nguzo, na mota ikaendelea kusukuma kwa kuwa hakuna aliyeiambia basi. Ndani ya mota ile mlikuwa na gia ya plastiki ngumu. Meno yake yote ya upande mmoja yalikuwa yamenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Kisahani chenyewe tulikiokota hatua tatu kutoka hapo, kizima, hakina hata mkwaruzo.

Mjomba alinipa nafasi ya kukibonyeza kile kidole mwenyewe. Husikika mlio mdogo: tik. Kisha akanifunza mambo matatu ambayo nayaandika hapa ili yamfae mwingine.

La kwanza ni kwamba swichi ya kikomo haiwekwi mwisho kabisa wa safari. Huwekwa kabla. Lango zito likikatiwa stima halisimami papo hapo. Linaendelea kidogo kwa kasi lililokuwa nayo, kama vile basi linalofunga breki na abiria waliosimama wakaendelea na safari hadi kwenye kioo cha mbele. Sheria ya kwanza ya Newton haijui huyu ni dereva ama ni lango. Kwa hiyo mtu mwenye busara huisikiliza "basi" kabla hajaugusa ukuta.

La pili ni kwamba swichi hii huzuia upande mmoja tu. Lango likifika mwisho wa kufunga, swichi ya kufunga hukata njia ya kufunga, lakini njia ya kufungua hubaki wazi. Lau ingekata zote, lango lingekwama pale milele na watu wangelala nje. Kikomo kizuri humzuia mtu asiende mbele kwenye hatari, lakini humwachia mlango wa kurudi.

La tatu ndilo lililonishangaza zaidi. Nilidhani swichi hukaa imelala, kisha ikiguswa huamka na kupeleka habari. Kumbe kwenye mashine zilizofungwa kwa uangalifu ni kinyume! Stima hupita ndani ya swichi wakati wote, kana kwamba swichi inasema bila kukoma, "Salama, salama, salama." Ikiguswa hunyamaza, na mashine husimama. Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu panya akiutafuna waya, au waya ukiachia kwa mtikisiko, swichi itanyamaza pia, na mashine itasimama pia. Kosa lolote la waya huangukia upande wa usalama. Lau ingekuwa ile ya kulala na kuamka, waya ungekatika leo na hakuna ambaye angejua, hadi siku ile ya hatari ambapo swichi ingeguswa, ikapiga kelele, na sauti isifike popote.

Sasa niingie kwenye habari yenyewe iliyonifanya niishike kalamu.

Kijijini kwetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini, tuna kisima cha mashine. Pampu yake imezamishwa mita 108 chini ya ardhi, mabomba 18 ya mita 6 kila moja. Juu ya mnara wa chuma pana tangi la lita 10,000, na chini yake kibanda cha kuuzia maji. Sisi watu wa Ukambani hatuhitaji kuelezwa thamani ya maji. Mito yetu mingi ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mvua zetu mbili, ya kuanzia Machi na ya kuanzia mwishoni mwa Oktoba ama Novemba, mara nyingi hutoa ahadi zisizotimizwa.

Pampu ile ilikuwa na walinzi wawili. Mmoja alikuwa juu tangini: floti, yaani kiboya chenye swichi ndani yake. Maji yakijaa kiboya huinuka, swichi hukata, pampu husimama. Mlinzi wa pili alikuwa chini kisimani, nayo kazi yake ni muhimu zaidi. Ni vijiti vya chuma vilivyoning'inizwa kwa nyaya juu kidogo ya pampu. Maji yakiwepo, mkondo mdogo sana hupita baina ya vijiti hivyo kwa njia ya maji yenyewe. Maji yakishuka chini ya vijiti, mkondo hukatika, na pampu husimamishwa mpaka maji yarudi. Huyu ni ndugu wa damu wa swichi ya kikomo, ila yeye hasubiri kuguswa na chuma. Husubiri kuachwa na maji.

Mwezi wa Septemba mwaka jana pampu ilianza kusimama-simama. Inafanya kazi saa moja, inanyamaza saa mbili. Inafanya tena nusu saa, inanyamaza. Foleni ya mitungi ikawa inatoka kibandani hadi kwenye mgunga. Watu wakaanza kunung'unika, na nani angewalaumu? Mama aliyeacha mtoto nyumbani hawezi kukaa foleni kutwa. Mkutano ukaitwa, na kauli ikapita kwamba swichi ya chini imeharibika na inawahangaisha watu bure. Akatafutwa mjuaji mmoja. Akafungua sanduku la pampu, akachukua kipande cha waya kirefu kama kidole, akaunganisha pale penye nyaya za vijiti ili sanduku liamini kwamba maji yapo siku zote. Kwa lugha ya mafundi, akaiunga dairekti.

Pampu ikanguruma. Tangi likajaa. Watu wakampigia makofi, na kwa siku tisa maji yalikuwa mengi kana kwamba mvua imenyesha. Siku ya kumi bomba likakohoa, likatoa tope na upepo, kisha kimya.

Wiki saba! Mtungi wa lita 20 uliokuwa shilingi 5 kibandani ukawa shilingi 40 kutoka kwa wenye bodaboda, na wakati mwingine maji yenyewe yalikuwa ya chumvi, hata chai yake ilikataa kunyweka. Nyumbani kwetu mimi na mdogo wangu tulikuwa tukiamka saa kumi alfajiri kwenda na punda kwenye kisima kingine, kilomita 6 kwenda na 6 kurudi. Walimu wetu wanajua ni mara ngapi niliingia darasani kipindi cha kwanza kimekwisha. Kutoka kijijini kwetu tulikuwa wasichana watatu katika darasa letu. Katika wiki hizo mmoja aliacha kuja kabisa, akapelekwa kwa shangazi yake mbali ili asaidie kazi. Hajarudi hadi leo. Dawati lake liko pale pale.

Mjomba aliitwa pamoja na mafundi wengine kuitoa pampu. Walisimamisha vyuma vya miguu mitatu, wakafunga cheni bloku, na kuanzia asubuhi hadi jua linatua walikuwa wakivuta bomba moja baada ya jingine. Mota ilipofika juu na kufunguliwa, beringi zilikuwa zimelika na nyaya zilikuwa nyeusi kama makaa. Harufu nikaijua kabla sijaambiwa.

Kisha mjomba akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya tangu Septemba. Alichukua kamba ndefu, akafunga kipande cha chuma kwenye ncha, akaishusha kisimani na kusikiliza. Alipoivuta na kuipima, ikaonekana kwamba maji yalikuwa yameshuka hadi karibu na pale pampu ilipokuwa. Kiangazi kilikuwa kimekuwa kirefu, na sisi tulikuwa tukiteka haraka kuliko kisima kinavyojijaza.

"Swichi yenu haikuwa mbovu," akawaambia wazee. "Ilikuwa inawaambia maji yameshuka, mkipumzishe kisima. Ikawaambia kila siku, mara nyingi kwa siku."

Watu walinyamaza. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya mtungi wake mtupu akasema polepole, "Kwa hivyo tulimfunga shahidi mdomo."

Mimi nilikuwa na swali. Mle ndani ya sanduku nilikuwa nimeona kifaa kingine, rilei ya ulinzi, ambayo hukata stima mkondo ukizidi. Mbona nayo haikuiokoa mota? Jibu la mjomba lilinifungua macho. Pampu inapoinua maji kutoka mita 100 inabeba mzigo mzito, na mkondo huwa mkubwa. Inapoanza kumeza hewa mzigo hupungua, na mkondo hushuka! Rilei ile imefunzwa kuogopa mkondo unaozidi, kwa hiyo ilipoona mkondo umepungua ilidhani mambo ni shwari. Wakati huo huo mota ya kisimani hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake, na katika nyingi beringi zenyewe hulainishwa na maji. Yakikosekana, inapikika polepole. Beringi zilipokwama ndipo mkondo ulipopanda na rilei ikakata, lakini kilichokuwa kinalindwa kilikuwa kimeshaungua. Kila mlinzi ana hatari yake anayoijua. Ukimwondoa mmoja huwezi kutarajia mwenzake afanye kazi ya wawili.

Mota mpya na kazi ya mafundi ilikula zaidi ya shilingi 140,000. Tulichanga harambee. Kuna waliouza mbuzi, na kuna waliotoa shilingi 50 za mwisho. Kuisikiliza ile swichi kungegharimu nini? Ratiba tu. Ratiba hiyo ndiyo tuliyo nayo sasa: wakati wa kiangazi pampu hufanya kazi saa mbili na kupumzika tatu, na kila nyumba ina idadi yake ya mitungi. Sanduku limefungwa kwa kufuli, na funguo ziko kwa watu wawili, ili mmoja asilifungue peke yake akishikwa na haraka. Kuna daftari ambamo huandikwa kila mara mlinzi wa chini anaposimamisha pampu. Si kwamba kila mtu amefurahi. Wapo wanaosema hadi leo kwamba maji yangekuwa mengi kama hiyo "limiti ya fundi" ingeondolewa. Kufundishika ni safari ndefu.

Tangu hapo nimekuwa nikizitafuta swichi za kikomo kila mahali, na sikuchelewa kugundua kwamba ziko nyingi kuliko tunavyodhani. Tazama reli yetu. Reli ya zamani ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na siku hizo pale reli inapogawanyika mtu alisimama akavuta wenzo kwa mikono ili treni ishike njia hii ama ile. Reli ya SGR iliyozinduliwa Mei 31, 2017 ina stesheni hapa hapa Mtito Andei. Katika reli za kisasa ndimi za chuma zinazogeuza njia husukumwa na mota. Ulimi ukifika mahali pake na kufungika, swichi iliyo ndani ya mashine hukata mota. Swichi hizo pia ndizo zinazotoa habari kwa taa. Jiwe likinaswa pale, ulimi ukakosa kufika hata kwa upana mdogo, mota hukatwa baada ya sekunde chache na taa haimruhusu dereva kupita. Hebu fikiria treni nzima ya abiria inangojea neno la kifaa cha ukubwa wa kiganja!

Ndivyo ilivyo hata kwenye lifti za majengo marefu ya Nairobi. Lifti ikikaribia ghorofa ya mwisho, swichi moja huipunguza mwendo, nyingine huisimamisha, na endapo zote zitashindwa kuna ya mwisho kabisa ambayo hukata stima yote. Ndivyo ilivyo pia kwenye winchi kubwa zinazopakua makontena bandarini Kilindini. Ndoano ikipanda sana swichi huizuia isigonge juu, maana kamba ya chuma ikikatika, kinachoanguka si mzigo wa kuni. Wahandisi hawaamini mlinzi mmoja. Wanaweka wa pili nyuma yake, na kwenye hatari kubwa wanaweka wa tatu.

Lakini hakuna swichi inayoweza kujilinda yenyewe dhidi ya binadamu mwenye haraka. Huo ndio ugonjwa wetu. Sisi tulio kando ya barabara ya Mombasa tunauona kwa magari. Sheria za marehemu John Michuki zilipoanza kutumika Februari 2004, matatu zilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo, kile tukiitacho gavana, kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Gavana si swichi ya kikomo kwa umbo, lakini ni ndugu yake kwa kazi. Na nani kati yetu hajasikia habari ya gavana iliyofungwa kwa ajili ya kukaguliwa, kisha ikaungwa dairekti mara tu stika ikibandikwa? Waya wa kidole ule ule! Tofauti ni kwamba kisimani kiliungua chuma, na barabarani wanakufa watu.

Nimejiuliza kwa nini tunachukia kuambiwa basi. Nadhani ni kwa sababu kikomo kikifanya kazi yake vizuri, hakuna kinachotokea. Lango halikugonga. Pampu haikuungua. Basi halikupinduka. Hakuna anayeshangilia ajali ambayo haikutokea. Lakini usumbufu wa kusimamishwa tunauona saa ile ile: foleni, kuchelewa, hasara ya leo. Kwa hiyo twamwona mlinzi kuwa ndiye adui. Na anayemwondoa mlinzi hupigiwa makofi kwa siku tisa.

Nimalizie kwa mashauri machache kwa wenzangu, hasa wale wenye nia ya kuwa mafundi na wahandisi.

Kwanza, mashine ikisimama yenyewe, usiulize kwanza, "Nitaiwashaje?" Uliza, "Imeona nini?" Pima kabla ya kulaumu. Kamba na kipande cha chuma vingetuokolea shilingi 140,000.

Pili, swichi nazo huchakaa. Vumbi letu jekundu hupenya popote, na manyigu hupenda kujenga ndani ya visanduku. Kwa hiyo swichi ibonyezwe kwa mkono angalau mara moja kwa mwezi, usikie kama bado inasema tik, na uone kama mashine inasimama kweli. Ukinunua swichi ya kukaa nje, tazama alama iliyoandikwa juu yake. Ile yenye IP65, kwa mfano, imefungwa kuzuia vumbi na maji ya kurushwa.

Tatu, ikilazimu kabisa kuiondoa kwa ajili ya matengenezo, iandikwe, ijulikane na watu zaidi ya mmoja, na irudishwe siku hiyo hiyo. Waya wa muda husahaulika upesi.

Nne, na hili ni la Chama chetu: tuvipe vitu hivi majina na tuvieleze kwa lugha ambayo kila mtu kijijini anaielewa. Katika ule mkutano wa Septemba, hakuna aliyesimama na kueleza kwa lugha nyepesi kazi ya vile vijiti. Maelezo yalikuwa yamebandikwa ndani ya mlango wa sanduku, yote kwa Kiingereza, maandishi madogo kama mchwa. Lau pangekuwa na kibao kimoja tu cha Kiswahili ama Kikamba kisemacho, "Pampu ikisimama, maji yameshuka kisimani. Ngojeni," sidhani kama ule waya ungefungwa. Sasa kibao hicho kipo. Niliyaandika maneno yake kwa rangi nyeupe, na mjomba akakitundika.

Basi, mpenzi msomaji, siku nyingine ukipita penye lango linaloteleza, ukasikia tik na kuliona limesimama kabla ya nguzo, mshukuru aliyekifunga kile kisahani. Nami, kama hiyo swichi, nimefika kikomo changu. Naweka kalamu chini. Wasalaam.